Hiyo Miguu ni ya Nani? Uhakiki wa Picha za Michael Armitage

Riwaya yangu imekwama kwenye sura ya nne. Ni sura ambayo mwizi wa baiskeli anakamatwa siku ya gulio na kupigwa mpaka anakufa. Niliiandika usiku mmoja, kurasa kumi na moja, bila kufuta hata mstari, na kwa kweli nilijiona mwandishi. Kesho yake nikawasomea wenzangu kijiweni hapa Titye. Walitulia kimya mpaka mwisho, kisha wakapiga makofi. Halafu mmoja wao akasema, "Hebu rudia pale kichwa kinapopasuka." Nikarudia. Wakafurahi tena.

Usiku huo usingizi ulikuwa wa mang'amung'amu. Nilihisi nimefanya kosa, ila sikujua liko wapi. Shuleni tulifundishwa kuhakiki kwa fani na maudhui, basi nikajipima kwa kipimo hicho hicho. Maudhui: napinga watu kujichukulia sheria mkononi, safi. Fani: taharuki ipo, tashibiha zipo, lugha inatiririka, safi pia. Mwalimu angenipa alama za kutosha. Lakini wasikilizaji wangu walitaka kichwa kipasuke mara ya pili, na mimi mwandishi niliwapasulia.

Ndipo nilipoanza kuwatafuta wasanii wengine waliowahi kuushika mwili wa mtu anayeumizwa, nione wao walitokaje. Katika kutafuta huko nikamkuta mchoraji wa Nairobi anayeitwa Michael Armitage. Makala haya yanamhusu yeye, ingawa, kama unavyoona ndugu msomaji, nina deni langu mwenyewe humo ndani.

Niseme mapema: sijawahi kusimama mbele ya picha yake hata moja. Nimeziona kwenye simu, na tatu nimezichapisha kwa rangi kwenye steshenari moja mjini Kasulu, kwa pesa iliyoniuma. Anayetaka kunishitaki kwa hilo anishitaki. Wengi wetu tunaosoma jarida hili tumeijua sanaa ya dunia kwa njia hiyo hiyo.

MCHORAJI NA GOME LAKE

Armitage alizaliwa Nairobi mwaka 1984, mama yake Mkikuyu, baba yake Mwingereza wa Yorkshire. Alisomea uchoraji London katika chuo cha Slade, akamaliza mwaka 2007, kisha akaendelea katika shule za Royal Academy mpaka 2010. Kwa miaka mingi baada ya hapo aliishi kwa kwenda na kurudi kati ya Nairobi na Ulaya. Mwaka 2019 picha zake ziliwekwa kwenye maonyesho makubwa ya Venice, na mwezi Novemba mwaka huo huo picha yake ya 2015, The Conservationists, ikauzwa kwa mnada New York kwa zaidi ya dola milioni 1.5. Tuiweke bei hiyo pembeni kwanza. Tutairudia.

Jambo la kwanza linalomtofautisha ni kile anachochorea. Wachoraji wengi hutandaza turubai. Yeye huchora kwa rangi za mafuta juu ya lubugo, yaani nguo ya gome ya Waganda. Gome hilo hutoka kwenye mti wa mutuba, jamaa ya mikuyu. Mafundi hulibandua wakati wa mvua, hulilainisha kwa moto, kisha hulipiga kwa nyundo za mti zenye mifereji, saa nyingi, mpaka linatanuka na kuwa laini kama kitambaa. Mti hauachwi uchi. Hufungwa majani ya migomba, nao huotesha gome jipya la kubanduliwa msimu mwingine, hivyo hivyo kwa miaka mingi. Ufundi huo uliingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2008. Waganda walivaa nguo hiyo katika sherehe za kifalme, na hadi leo huwasitiri wafu wao kwa hiyo.

Armitage alikutana nayo kwenye soko la watalii Nairobi, ikiwa imekatwa vipande vya kuuziwa wageni. Nguo ya kuzikia imegeuzwa kikorokoro cha mezani! Kama ningekuwa mimi, ningeandika shairi la kulalamika. Yeye aliichukua akaanza kuchora juu yake.

Sasa, gome si turubai. Lina matundu pale palipokuwa na matawi, lina mikunjo, lina mishono pale fundi alipounganisha vipande. Rangi haikai sawasawa. Mchoraji mwingine angeziba matundu hayo, lakini Armitage anayaacha, na mara nyingine tundu linaangukia ubavuni mwa mtu, mshono unapita kwenye paja. Kabla hajachora jeraha lolote, ngozi ya picha tayari ina makovu.

Nilimwonyesha bibi yangu karatasi zangu za steshenari. Hakujali waliochorwa. Alisogeza karatasi karibu na jicho lake zima, akapitisha kidole kwenye mshono, akasema, "Mjukuu wangu, hii ni nguo ya gome. Mama yangu mkubwa alikuwa nayo." Maana huku kwetu Buha nako wazee walivaa magome ya miti kabla amerikani na kaniki hazijafika kila mlima. Bibi akaniuliza aliyekufa ni nani. Nikamwambia hakuna aliyekufa, ni picha tu. Akanitazama kama mtu anayedanganywa.

MWANAMKE ALIYELALA

Picha ninayotaka tukae nayo ni ya mwaka 2015, na jina lake ni #mydressmychoice, yaani nguo yangu, hiari yangu. Ina upana unaokaribia mita mbili. Mwanamke yuko uchi, amelala kwa ubavu, ametugeuzia mgongo. Juu yake, kwenye ukingo wa picha, kuna miguu ya wanaume. Miguu tu, na viatu. Nyuso zimekatwa.

Kisa chake ni cha kweli. Mwezi Novemba 2014, Nairobi, mwanamke alivuliwa nguo hadharani na kundi la wanaume kwenye kituo cha matatu, eti kwa sababu sketi yake ilikuwa fupi. Mtu alipiga picha za video, zikasambaa. Tarehe 17 mwezi huo wanawake waliandamana katikati ya jiji kwa kauli hiyo iliyokuwa jina la picha. Kabla mwaka haujaisha, Bunge la Kenya lilikuwa limebadilisha sheria na kulifanya kosa la kumvua mtu nguo kwa nguvu kuwa na adhabu ya kifungo.

Ona mchoraji alichofanya. Mkao wa mwanamke yule ameutoa kwenye picha maarufu ya Mhispania Velázquez ya karne ya 17, ile ya Venus aliyelala akijitazama kwenye kioo anachoshikiwa na mtoto mwenye mabawa. Picha hiyo iko National Gallery, London. Kwa miaka mingi watu wameisifia kuwa mfano wa uzuri wa mwili wa mwanamke. Ajabu ni kwamba nayo ina historia ya panga: mwezi Machi 1914, Mary Richardson, mmoja wa wanawake waliokuwa wakidai haki ya kupiga kura, aliingia pale na shoka dogo la nyama akaikatakata mgongo, kupinga kukamatwa kwa kiongozi wao Emmeline Pankhurst. Mafundi waliitengeneza upya. Ukimwangalia Venus leo hutajua kwamba alichanjwa.

Armitage basi anamchukua mwanamke wa kituo cha matatu na kumlaza kama Venus. Mahali pa malaika anaweka viatu vya wanaume. Nilipoisoma picha hivyo mara ya kwanza nilisema: huyu bwana ni hatari! Anatuuliza kuna tofauti gani kati ya muungwana anayeingia jumbani kutazama mgongo wa Venus na kijana anayetazama pale stendi. Wote wametulia, wote wanatazama, na wote wana sababu zao nzuri.

Lakini siku ile steshenari jambo jingine lilitokea. Kijana wa mashine alipoitoa karatasi, akaitazama, akacheka akaniuliza, "Huyu dada amelewa?" Mteja mwingine akachungulia akasema hapana, amelala, pengine yuko ufukweni. Hakuna kati yao aliyeona kwamba mtu ameumizwa. Nilipowasimulia kisa, walinyamaza. Yule kijana akaigeuza karatasi juu chini akanipa.

Hapo nikapata shaka yangu ya kwanza. Kama picha inahitaji nisimame pembeni nisimulie, basi uzuri wake umekula kisa chake. Rangi za Armitage ni tamu kweli, kijani cha maji, waridi, zambarau ya jioni. Mwili umechorwa kwa upole. Mtetezi wake atasema upole huo ndio heshima, kwamba wale wanaume walimvua utu na mchoraji anamrudishia. Ninaikubali nusu ya hoja hiyo. Kwenye ile video mwanamke alikuwa kitu cha kuvutwa huku na huku. Kwenye picha ana uzito, ana utulivu, na amekataa kutupa uso wake. Nusu ya pili siikubali. Utulivu ule ni wa Velázquez, si wa mwanamke wa stendi. Yeye hakulala vile. Alipiga kelele.

Kwa hiyo nikabaki na miguu. Miguu ndiyo sehemu ya picha ambayo haikutoka kwa Velázquez, na ndiyo iliyonifuata nyumbani.

WANAOFUKUZA WAKO WAPI?

Tuangalie picha nyingine mbili kwa haraka. Moja ni Necklacing, ya 2016: mtu ana tairi shingoni. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji maelezo, tairi likishafika shingoni kinachofuata ni mafuta na kiberiti. Mchoraji amesema inatokana na kumbukumbu yake ya utotoni. Ya pili ni The Chicken Thief, ya 2019, mwizi wa kuku na kuku wake.

Katika picha zote mbili aliyechorwa ni anayefukuzwa. Wanaofukuza hawamo. Jiulize basi wako wapi. Mtu anayefukuzwa akichorwa ukimwona hivi, wanaofukuza wamesimama hapa ulipo wewe unayetazama. Ule umati uliotoa miguu peke yake kwenye picha ya 2015 sasa umetoka nje ya fremu kabisa, ukaja kusimama na sisi. Nadhani hapo ndipo Armitage anapokuwa mkubwa. Huwezi kumwonea huruma mwizi wa kuku kwa starehe, maana mahali ulipowekwa usimame ni mahali pa mwenye jiwe.

Kisha kuna picha za uchaguzi. Mwaka 2017 Kenya ilipiga kura ya rais tarehe 8 Agosti, Mahakama ya Juu ikaifuta tarehe 1 Septemba, ikapigwa tena tarehe 26 Oktoba. Armitage alifuatana na watu wa televisheni mpaka kwenye mkutano wa wapinzani Uhuru Park, na mkutano ule ukamzalia mfululizo wa picha. Katika The Fourth Estate watu wamepanda mti ili waone, wamekaa kwenye matawi kama ndege, na bendera yao ina chura. Mkao huo ameuazima kwa Goya, Mhispania mwingine, aliyewahi kuchonga picha ya watu waliokaa juu ya tawi la mti. Nani kati yetu hajawahi kupanda mti kwenye mkutano wa kampeni? Hapa watazamaji wamepata miili yote, wana vichwa, wana mikono, wana uchovu. Si wabaya wala si wema. Wamekuja kuona.

Nimeipenda picha hii kuliko zote kwa sababu haina damu na bado inatisha. Unajua tawi litavunjika. Hujui litawaangukia nani.

Nisisahau kwamba Armitage hakudondoka kutoka mbinguni. Katika maonyesho yake ya Paradise Edict, yaliyofika Royal Academy mwaka 2021, alitaka picha zake zitundikwe pamoja na kazi za wachoraji sita wa Afrika Mashariki waliomtangulia, akiwemo Mtanzania mwenzetu Elimo Njau aliyeshiriki kuanzisha Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965, Mganda Jak Katarikawe na Mkenya Sane Wadu. Njau ndiye aliyechora ukutani maisha ya Yesu katika kanisa la Murang'a mwaka 1959, miaka ya hali ya hatari ikiwa bado mbichi, na mateso ya msalaba akayaleta katika nchi ya Wakikuyu wenyewe. Na mwaka 2020 Armitage alianzisha Nairobi taasisi ya sanaa, NCAI, iliyofungua jumba lake mwaka 2022 kwa maonyesho ya Sane Wadu. Hayo ni mafanikio yake yakirudi nyumbani kwa njia fulani. Tumpe haki yake.

KIBOKO CHA LUBUMBASHI

Lakini mhakiki hawezi kupima kitu bila kitu kingine pembeni yake. Nimempima Armitage kwa mtu aliyechora kwa Kiswahili, ng'ambo ya ziwa letu.

Tshibumba Kanda Matulu alizaliwa mwaka 1947 katika mji ambao leo ni Lubumbashi. Alichora kwenye vitambaa vya magunia ya unga, akizunguka na picha zake kutafuta wanunuzi. Mwaka 1973 na 1974 alimchorea mtafiti Johannes Fabian historia ya nchi yake tangu mababu hadi Mobutu, picha mia moja na kitu, huku akimsimulia kila moja kwa Kiswahili cha Katanga. Fabian aliyachapa yote katika kitabu mwaka 1996. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 hakuna habari zake tena.

Wachoraji wa Lubumbashi walikuwa na aina ya picha iliyoitwa Colonie Belge, koloni la Wabelgiji, na Tshibumba aliichora mara nyingi. Mfungwa amelazwa kifudifudi, makalio wazi. Askari mweusi ameinua kiboko. Mzungu amesimama akisimamia, na bendera iko juu yao. Rangi hazina utamu wowote, ni nyekundu, njano na buluu za kopo. Miili imenyooka kama mbao. Kwa vipimo vya chuo cha London, Tshibumba hajui kuchora ngozi.

Nilichukua picha hii na ile ya Armitage nikampelekea mzee mmoja aliyevuka ziwa kutoka Kongo zamani, sasa ni fundi cherehani. Ya mwanamke aliitazama muda mrefu, mwisho akaniuliza, "Hii miguu ni ya nani?" Nikasema hatujui. Ya Tshibumba hakuuliza swali. Aliweka kidole kwa mmoja mmoja: huyu mfungwa, huyu polisi, huyu Muzungu. Kidole kikarudi kwa polisi. "Huyu ni wa kwetu," akasema, na akaendelea kushona.

Hilo ndilo pengo lenyewe. Picha ya Tshibumba ilinunuliwa na wafanyakazi wa migodini, ikatundikwa sebuleni, watu wakala chakula chini yake wakasimuliana. Katika sebule hiyo huenda amekaa mtoto wa aliyepigwa na mtoto wa askari aliyepiga. Picha ilibidi iseme nani alikuwa nani, maana waliohusika walikuwa wanakula sahani moja. Picha ya Armitage inakwenda kwa mtu wa mbali mwenye dola milioni. Mtu huyo anaweza kuiona miguu ile akasema ni ya Waafrika fulani, ni ya wanaume fulani, akaenda kulala. Hapo ndipo bei niliyoiweka pembeni inaporudi. Siilaumu bei kwa wivu, ingawa wivu nao upo, jamani. Ninasema kwamba miguu isiyo na nyuso ni salama zaidi mbali kuliko karibu.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Armitage ametufundisha kitu ambacho uhakiki wetu wa shuleni haukutufundisha, kwamba katika kisa cha kupigwa mtu aliyepigwa ni mwili mmoja tu, na miili mingine yote ni ya waliosimama. Gome lake, matundu yake na mahali anapotusimamisha ni kazi ya msanii anayefikiri. Pale anapochora watu juu ya mti anafika mbali kuliko mtu yeyote ninayemjua. Lakini anapoikata picha kwenye magoti ya wanaume anawaachia nafasi ya kutoroka. Unaweza kunijibu kwamba huo ndio ukweli wa umati, umati hauna uso. Mimi nasema huo ndio uongo wa umati. Kila mguu ule jioni ile uliingia nyumbani kwa mtu, ukavuliwa kiatu, ukaletewa maji ya kunawa.

SURA YA NNE

Nayajua hayo kwa sababu niliwahi kuwa pale. Nilikuwa na miaka tisa, siku ya gulio, mahali sipataji. Kelele zikaanza, watu wakakimbilia upande mmoja, nami nikakimbia. Nilikuwa mfupi, nikaona miguu tu, kandambili, viatu vya plastiki, miguu mitupu yenye vumbi jekundu. Nikataka kuona zaidi. Nikapanda juu ya gunia la maharage la mama mmoja muuzaji. Akanivuta suruali, "Shuka, we mtoto, utanipasulia gunia!" Sikushuka. Niliona.

Katika zile kurasa kumi na moja zangu mtoto yule hayumo. Mama mwenye gunia hayumo. Wapigaji niliwaita "umati wenye hasira", maneno matatu ya magazeti, kisha nikatumia kurasa zote zilizobaki kuuchora mwili wa mwizi ukivunjika, kiungo baada ya kiungo, kwa tashibiha nzuri. Sasa naelewa kwa nini rafiki yangu alitaka kichwa kirudiwe. Nilikuwa nimempandisha juu ya gunia.

Nimeiandika upya. Kipigo chenyewe kimebaki nusu ukurasa. Kurasa nyingine ni za waliosimama. Yupo mwenye duka la chumvi na mafuta ya taa, ndiye anayeleta mti wa kwanza. Yupo fundi baiskeli anayemfahamu mwizi kwa jina la ubatizo na halitamki. Yupo mwanakwaya anayesema "inatosha", kwa sauti ya chini, baada ya kutosha. Yupo mama wa maharage. Yupo mtoto. Na jioni wote wanakwenda nyumbani, na nimewafuata mlango kwa mlango mpaka kwenye maji ya kunawa.

Wiki iliyopita nikaisoma kijiweni. Hakuna aliyepiga makofi, na hakuna aliyetaka nirudie mahali popote. Baada ya kimya kirefu yule yule rafiki yangu akaniuliza polepole, "Huyu mwenye duka… si ni baba yako mdogo?"

Nikakunja karatasi zangu.

Nimebadilisha majina, nimebadilisha duka, lakini watu wa huku watajijua. Baba mdogo ndiye aliyenilipia ada mpaka kidato cha nne. Armitage alipochora miguu bila nyuso nilimwita mwenye kukwepa, kutoka hapa nilipo, kwa kalamu ya bei nafuu. Pengine alijua jambo ambalo mimi nimelijua wiki iliyopita. Hata hivyo sijaifuta hukumu yangu, na sura ya nne sijairudisha ilivyokuwa. Iko chini ya godoro.

Vijana wenzangu mnaoandika, nani kati yenu ameshawahi kuandika uso wa mtu anayekula naye? Mlitokaje? Kurasa za jarida hili ziko wazi, nami nasubiri majibu kwa haraka kuliko mnavyofikiri.